Pacha wa Mia Nne Kumi na Nane

Tartu, Februari. Mto umeganda hadi kwenye nguzo za daraja,
nami nimekuamsha kutoka nyuzi themanini chini ya sifuri,
wewe, unga mweupe, mia nne kumi na nane,
mwepesi kuliko unywele wa kope.

Sikuiti dawa. Dawa humezwa na watu wenye majina.
Wewe ni kijiti cha kuchokolea:
tunakuchomeka ndani ya seli tuone nani atapiga kelele,
nani atanyamaza.

Seli zenyewe ni za mvulana wa Võru.
Zilikatwa pajani mwake, kipande cha ukubwa wa dengu,
zimeishi kwangu miaka miwili.
Nazilisha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa,
hata Krismasi nilikuja, theluji magotini.
Ndani yake kuna neno linalopokezanwa:
kipokezi mlangoni humwambia jirani,
jirani humgusa jirani kwa fosfati,
mpaka habari ifike kwenye kiini: kua.
Kwa watu wengine neno hilo husemwa, kisha kimya.
Kwa mtoto huyu halikomi. Kua, kua, kua,
na ngozi yake inajipanda yenyewe kama gome la msonobari.

Tulidhani mnong'onaji ni mmoja.
Tukampa jina, herufi tatu na tarakimu.
Wewe ukachongwa uingie mfukoni mwake
kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa.

Oktoba nikakudondosha.
Mstari mweusi kwenye filamu ukafifia, ukatoweka.
Profesa Aavik akanunua keki ya jibini.
Tõnis akaanza kuandika makala,
sentensi ya kwanza ikiwa na neno "hatimaye".
Mama wa mvulana akatuma chupa ya jamu, matunda mekundu ya msituni,
na kikaratasi: Asanteni mnaoisikiliza ngozi ya mwanangu.

Mimi Urve ni fundi wa maabara. Siandikwi juu ya makala,
naandikwa chini, kwenye shukrani, karibu na mfadhili wa mashine.
Lakini huu ni mwaka wa ishirini na sita natazama mistari,
na mstari ukinitii upesi mno, naushuku.

Ndipo nikamtoa pacha wako, mia nne kumi na tisa.
Uso uleule. Amezidi kaboni moja tu mgongoni,
kibiongo kinachomzuia kuingia mfukoni.
Yeye hapaswi kufanya lolote. Kazi yake ni kukaa bure.

Nikamdondosha. Mstari ukafifia, ukatoweka.

Nikarudia. Nikabadilisha maji, nikabadilisha pipeti,
nikabadilisha siku.
Nikarudia kwa mkono wa Tõnis, asijue kipi ni kipi.
Ukatoweka.

Basi si mlango ule. Nyote wawili mnaingia kwingine,
nyumba tusiyoijua, na huko mnazima taa.
Njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe hukusema uongo;
hukusema kitu. Sisi ndio tuliokutilia maneno mdomoni.

Profesa alivua miwani, akaifuta
kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.
Tõnis alifuta "hatimaye", kisha sentensi nzima,
kisha akatoka kuvuta sigara bila koti.

Sikukumwaga. Nimekufunga tena, nimeandika kwenye kifuniko
kwa kalamu isiyofutika: HUGUSA ZAIDI YA KIMOJA.
Atakayekuja baada yangu ajue.

Jamu imebaki nusu kwenye friji ya chai.
Jioni hii nina karatasi mbele yangu na anwani ya Võru.
Nimeandika salamu. Nimeandika kwamba seli ziko hai, zinakula vizuri,
nikaona aibu, maana hilo ndilo tatizo lenyewe.
Nikakata. Nikaandika "bado".
Nje gari la kukwangua theluji linapita, linarudi,
linapita palepale.